Limiti ya Simu, Daftari la Duka na Ua la Mwembe

Hapa Hewani, kando ya mto Tana, hakuna mtu anayechomoa kadi ya benki kulipia unga. Kadi ya mkopo ya mtu wa hapa ni laini yake ya simu, na kiwango chake cha kukopa ni ile namba inayojitokeza akibonyeza *334#. Namba hiyo watu huisimulia kama wanavyosimulia afya. "Yangu imepanda," atasema kijana wa bodaboda aliyejipumzisha kivulini, na wenzake watamwangalia kwa kijicho. "Mimi wameishusha hadi mia tano, sijui nimewakosea nini," atajibu mwingine. Na kila mmoja anataka yake ipande, hata yule ambaye mwezi mzima hajakopa.

Huyo asiyekopa ndiye aliyenifanya nikae chini na kalamu. Anataka limiti ya nini?

Jibu lake si gumu kwa anayeujua mto huu. Ukanda huu wa chini wa Tana, kutoka Hewani hadi Garsen na kuteremka kuelekea baharini, pesa haziji kwa mwezi kama mshahara wa mwalimu. Huja kwa mafungu: mpunga ukivunwa, maembe yakiiva, kambare wakiwa wengi maji yakipungua. Baina ya fungu na fungu kuna miezi mitupu, na katika miezi hiyo mtoto huumwa usiku na pikipiki ya kumfikisha hospitali ya Ngao hutaka pesa papo hapo. Mwenye limiti ya 5,000 hulala usingizi mwema kuliko mwenye limiti ya 500, ingawa wote wawili mfukoni hawana kitu. Kwake limiti ni ghala ambalo nafaka yake ni ya mtu mwingine, lakini ufunguo kaachiwa yeye.

Sasa tuje kwenye bei za funguo hizo, maana hazifanani hata kidogo.

Majina ya mikopo hii ya simu ni Kiswahili kitamu, na mengine ni ya baharini. Okoa Jahazi ya muda wa maongezi, M-Shwari iliyoanza Novemba 2012, kisha Fuliza iliyokuja Januari 2019. Aliyelichagua neno hili la mwisho ama alikuwa mcheshi ama alikuwa mkweli kupita kiasi: kufuliza ni kufanya jambo mfululizo bila kukoma. Hao wa Okoa Jahazi tuwapite haraka. Wanakata asilimia 10 mwanzoni, ukiomba 50 unapata 45, basi. Kazi iko kwa hao wawili wengine, pamoja na Hustler Fund ya serikali iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022.

Chukua mtu anayehitaji shilingi 3,000 kwa siku kumi. Ada nitakazotaja za M-Shwari na Fuliza ni kabla ya ushuru wa serikali, ambao huongezwa juu yake.

M-Shwari hutoza asilimia 7.5 mara moja kwa siku 30. Kwa 3,000 ni shilingi 225. Ukilipa kesho ni 225, ukilipa siku ya 30 ni 225. Ukipitisha hapo, unatozwa asilimia 7.5 nyingine.

Fuliza ina mtindo mwingine. Kwanza hukata asilimia 1 ya ulichochukua, halafu huhesabu siku. Kwa bei zilizopunguzwa Oktoba 2022, deni la kuanzia 1,001 hadi 1,500 hulipiwa shilingi 18 kwa siku, la 1,501 hadi 2,500 hulipiwa 20, na kuanzia 2,501 hadi kilele cha 70,000 ni 25. Mtu wetu wa 3,000 atalipa 30, kisha 25 mara siku kumi, jumla 280. Angerudisha kesho yake angelipa 55 tu, na hapo M-Shwari imeachwa mbali. Siku ya saba bado Fuliza ni nafuu. Siku ya nane mizani inageuka. Akikaa nayo mwezi mzima, gharama ni 780.

Kuna jingine wanalolijua wa huku kuliko wa Nairobi. Fuliza haitolewi kwa wakala kama noti. Unaweza kumtumia mtu au kulipa kwa namba ya duka, lakini huwezi kuitoa mkononi. Mwenye mtumbwi na mwuza mbegu wanataka noti, kwa hiyo unamtumia rafiki 3,000 kwa shilingi 53, naye anakutolea kwa 52. Zile 280 zimeshakuwa 385, na bado hujamwambia rafiki ahsante.

Lakini kwa vitu vidogo Fuliza ina nafuu yake, haki lazima isemwe. Deni lisilozidi 1,000 hupewa siku tatu bila ada ya kila siku. Nauli ya 500 leo, urudishe keshokutwa, ni shilingi 5. Hata mwenye duka hawezi kukutendea wema huo bila kukununia.

Hustler Fund ndiyo rahisi kuliko zote, tena kwa mbali sana. Riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka. Kwa 3,000 na siku kumi, ni shilingi kama 6 na senti. Huzuia asilimia 5 kama akiba yako, kwa hiyo mkononi utapata 2,850, na lazima urudishe ndani ya siku 14, la sivyo riba inapanda hadi asilimia 9.5. Ila uwe na limiti ya 3,000 kwanza. Mkopo wake wa kawaida kwa mtu binafsi ni wa kuanzia 500 hadi 50,000, na wengi walianzia chini kabisa. Kwa hiyo mkopo wa bei ndogo ndio wenye limiti ndogo, na hapo ndipo watu huanza kuitafuta limiti kama mbuzi aliyepotea.

Sasa tazama ngazi ile ya Fuliza kwa jicho la pili, maana ndipo penye sababu ambayo sikuwahi kuisikia ikisemwa wazi. Shilingi 25 kwa siku hulipwa na mwenye deni la 3,000, na 25 hiyo hiyo hulipwa na mwenye deni la 20,000. Kwa mwezi, wa kwanza analipa 780, yaani asilimia 26 ya alichochukua. Wa pili analipa 200 za kuingilia na 750 za siku, jumla 950, yaani asilimia 4.75. M-Shwari ingemtoza huyu wa pili 1,500. Ina maana aliyepewa limiti kubwa hakupewa pesa nyingi tu. Amepewa pesa kwa bei ya chini. Mwenye limiti ndogo ananunua sukari kwa kijiko, na sukari ya kijiko siku zote ni ghali kuliko ya gunia.

Huko Marekani watu huomba limiti ya kadi ipandishwe kwa sababu nyingine pia. Wanaowapima wakopaji hutazama umetumia sehemu gani ya kiwango ulichopewa, hivyo ukipandishiwa kiwango bila kuongeza deni unaonekana mwaminifu zaidi. Huku mashine inayopanga limiti hutazama zaidi jinsi pesa zinavyoingia na kutoka kwenye simu, na kama unalipa kwa wakati. Watu wameshaisoma. Mume humtumia mke 3,000 asubuhi, mke humrudishia jioni, ili simu ionekane ina shughuli. Kila safari ni 53, kwenda na kurudi 106. Wakifanya hivyo mara kumi kwa mwezi, wametumia 1,060 kununua namba, na mbinu hiyo haina mkataba na mtu. Kwa pesa hizo wangelipia M-Shwari ya 14,000.

Basi limiti ikipanda, mkulima wa Hewani ametatua shida yake? Hapa ndipo ninapotofautiana na wale vijana wa kivulini.

Tuchukue mwembe. Agosti unachanua, na muhula wa tatu wa shule unakaribia kufunguliwa. Maembe yenyewe yataiva Novemba na kuendelea. Dalali anapita, anatazama maua, anataja bei. Tuseme, kwa mfano tu wa kupigia hesabu, anatoa shilingi 3 kwa embe ambalo Desemba lingeuzwa 6. Mama mwenye miembe ya kutoa maembe 2,000 anapokea 6,000 leo na kuzipa mgongo 12,000 za Desemba. Kuuza ua ni mkopo, ijapokuwa hakuna anayeuita hivyo, na riba yake ni 6,000 nyingine kwa miezi minne. Kwa mkopo wa 6,000, hakuna simu inayotoza hivyo.

Kwa hiyo mama akiwa na limiti ya 6,000 aikope alipe karo, ua aliache likomae? Angetamani. Lakini M-Shwari inataka pesa zake baada ya siku 30, na Hustler baada ya 14. Embe halijui siku 30. Mwezi wa Septemba likiwa bado kama kokoto, deni limeshaiva. Hapo ndipo watu huanza kuzungusha: hii inalipa ile, ile inalipa hii, na kila shilingi ya mauzo ya samaki ikiingia kwenye simu Fuliza inaimeza kabla mwenyewe hajaiona. Mtu huyo ataomba limiti ipandishwe tena. Kinachompungukia ni siku, naye anaomba shilingi.

Siku zinauzwa kwingine. Sacco nyingi hukopesha mara tatu ya akiba yako, kwa asilimia 1 kwa mwezi ya deni lililobaki. Kwa 6,000 na miezi minne, riba haizidi 240. Sharti lake ni uwe na akiba ya 2,000 na wadhamini, na wadhamini wa huku ni ndugu, kwa hiyo usipolipa hutakuwa na raha hata kwenye harusi. Kikundi cha akina mama kinachotoza asilimia 10 kwa mwezi kitachukua 2,400, pesa nyingi, ila mwisho wa mwaka faida hugawanywa kwa wanachama na yeye mwenyewe ni mmoja wao. Vyote viwili vinamshinda dalali. Na vyote viwili limiti yake hupanda kwa akiba, polepole, bila ujanja wa 106.

Nimtetee dalali kidogo, kwa kuwa hayupo. Aliyenunua ua amenunua pia mvua, upepo na barabara. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilipoufurisha mto na maji yakakata barabara pale Lango la Simba, baina ya Gamba na Garsen, embe lisilofika sokoni lilikuwa hasara ya mwenye embe. Aliyeuza maua Agosti alikuwa ameshalipwa. Aliyekopa akasubiri alikuwa na embe linaloozea shambani na deni lisiloozea popote. Kwa hiyo zile 6,000 za dalali si riba tupu. Ndani yake kuna bima, ghali, lakini ni bima. Mtu mwenye miembe kumi anaweza kuuza maua ya mitatu na kuibakisha saba. Hesabu hiyo nimeiona ikifanywa na bibi ambaye hajawahi kukanyaga darasa.

Tena kuna duka. Daftari la madeni la mwenye duka nalo ni limiti, ya zamani kuliko M-Pesa yenyewe, na bei yake haikuandikwa popote. Aliyeandikwa daftarini hawezi kwenda kuulizia bei duka la pili, hawezi kulalamika mchele ukiwa na mawe, na akichelewa hutajwa jina mbele za watu. Ukipima kwa shilingi 5 au 10 zinazoongezwa juu ya kila pakiti ya unga, inaweza kuipita Fuliza. Lakini daftari linajua msimu. Simu ikilala Machi hadi Juni kwa kuwa hakuna cha kuuza, mashine huona mtu aliyezembea na huishusha namba, katika miezi ile ile anayoihitaji. Mwenye duka hupita njiani, akiitazama miembe yako.

Siku moja nilimkuta bibi mmoja dukani, simu mkononi, kijana wa duka amemsomea kiwango chake.

"Mia tano, bibi."

"Mwaka jana ilikuwa elfu mbili, mwanangu. Nami sikuwahi kuchelewa."

"Hukuitumia muda mrefu, labda."

"Sikuitumia kwa kuwa sikuwa na shida. Sasa ninayo." Akairudisha simu kwenye mkunjo wa leso. "Na kwako wewe yangu ni ngapi?"

Kijana alichungulia nje, kule shambani ambako miembe ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya samli kwa maua.

"Unga, sukari na mafuta, bibi. Karo siiwezi."

"Niandikie unga."