Mpapindi wa Pemba

Mpapindi ni mti wa jamii ya minazi ambao asili yake ni kisiwa cha Pemba peke yake, na makao yake yanayojulikana zaidi ni msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi mwa kisiwa. Ajabu ni kwamba ndugu zake wa karibu hawapatikani bara ya Afrika, ingawa iko ng'ambo ya mkondo wa bahari tu. Wako Madagaska na Komoro. Mwaka 1962 mtaalamu Harold E. Moore aliupa jina la kisayansi la Chrysalidocarpus pembanus. Mwaka 1995 ukahamishiwa kundi la Dypsis, na 2022 ukarudishwa ulikotoka. Vitalu vingi bado huuita Dypsis pembana, hivyo anayeutafuta ayajue majina yote mawili.

Mashina yake huota kadhaa kwa pamoja, yana pete za makovu ya makuti yaliyodondoka, na huweza kufika mita 12. Kileleni, ala za makuti hukumbatiana zikafanya kama bomba laini la kijani. Mpopoo nao una bomba hilo, ila husimama kwa shina moja. Mkindu huota kwa kundi, lakini majani ya chini ya kila kuti lake yamegeuka miiba. Mpapindi hauna mwiba. Unaochanganya watu hasa ni mti wa Madagaska unaopamba hoteli na ofisi. Huo vikonyo vyake ni vya manjano na makuti yake hujipinda mno, na matunda yake huanza manjano yakaishia zambarau. Matunda ya mpapindi huiva mekundu.

Kuuotesha kunataka mbegu mbichi, kwani zikikauka nguvu hupungua upesi. Nyama ya tunda husuguliwa ikaisha, kisha mbegu hufukiwa kidogo kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, kivulini, pasipokauka wala kutuama maji. Hapo ni kusubiri wiki kadhaa, pengine miezi. Mche mchanga huogopa jua kali, hivyo huzoeshwa polepole. Kukata chipukizi ubavuni, kama afanyavyo mkulima wa migomba, ni kubahatisha: mara nyingi hutoka na mizizi haba na kufa.

Miti ya kundi hili huzaana kwa kuchanganyika bustanini, kwa hiyo mbegu iliyookotwa chini ya mpapindi uliozungukwa na ndugu zake wa Madagaska inaweza kuzaa chotara. Mnunuzi na amuulize mwenye kitalu mti mama umesimama wapi, na umepakana na nini.