Kupima Ramani Kabla ya Kununua Matofali

Wengi wanaojenga nyumba ya kuishi humwuliza fundi swali moja tu: itagharimu kiasi gani? Jibu hutolewa papo hapo, kwa mkupuo, mara nyingi hata ramani haijafunguliwa. Bei ya namna hiyo haikaguliki. Fedha zikiisha ukuta ukiwa umefika kwenye lenta, mwenye nyumba hana njia ya kujua kama bei za vifaa zimepanda, kama vifaa vimepotea, au kama hesabu ilikuwa pungufu tangu siku ya kwanza.

Makadirio ya kuaminika huanzia kwenye ramani. Mkadiriaji majenzi huandika idadi, urefu, upana na kimo cha kila sehemu, akapata ujazo wa zege, eneo la ukuta au urefu wa nondo. Bei huja mwisho. Jedwali hilo ndilo mchanganuo wa vifaa na gharama, na mtumiaji anayo haki ya kuliomba likiwa na vipimo vyake, si jumla peke yake.

Rula itumike kwa tahadhari. Katika ramani ya uwiano wa 1:100, sentimita 1 ya karatasi ni mita 1 ya nyumba. Lakini ramani ya karatasi ya A3 ikitolewa nakala kwenye A4 husinyaa hadi asilimia 71 hivi, ilhali maandishi ya "1:100" hubaki vilevile. Chumba cha mita 4 kitasomeka mita 2.8, na eneo lake litaonekana nusu ya lilivyo. Kwa hiyo fuata vipimo vilivyoandikwa kwa tarakimu.

Tuchukue nyumba yenye mita 10 kwa 8 kwa nje, na kuta za nje zenye unene wa milimita 150 na kimo cha mita 3. Mzunguko wa nje ni mita 36, lakini kila pembe ingehesabiwa mara mbili; tukitoa sentimita 60 za pembe nne, tunabaki na mita 35.4. Zidisha kwa 3, upate mita za mraba 106.2. Milango miwili ya mita 0.9 kwa 2.1 na madirisha sita ya mita 1.5 kwa 1.2 huchukua 14.58. Ukuta halisi ni mita za mraba 91.62.

Tofali la milimita 450 kwa 230, likijengwa kwa udongo wa saruji wa milimita 15, huhitajika 8.8 hivi kwa kila mita ya mraba. Ukuta wetu unataka matofali 805 au karibu na hapo. Ukiongeza asilimia 5 ya kuvunjika, 845. Asiyetoa milango na madirisha atakuagizia matofali zaidi ya 130 yasiyo na kazi. Kuta za ndani hupimwa kwa njia hiyohiyo. Paa ni tofauti kidogo: mabati hupimwa kwa kufuata mteremko, kwa kuwa eneo linaloonekana kwenye ramani ni dogo kuliko la paa lenyewe.

Jamvi la unene wa milimita 100 ndani ya kuta hizo lina ujazo wa mita 7.47. Kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, litahitaji mifuko 48 hivi ya kilo 50. Ujazo wa vifaa vikavu huwa mkubwa kuliko wa zege lililoshindiliwa, kwani mchanga hujaza nafasi zilizo kati ya kokoto. Anayesahau jambo hili hupungukiwa saruji katikati ya kazi, na jamvi halifai kumwagwa nusunusu.

Mchanga wa jamvi hilo ni mita za ujazo 3.3 hivi. Huuzwa kwa tripu, na tripu si kipimo. Kabla haujashushwa, pima bodi ya lori kwa futi kamba: urefu wa mita 3.5, upana wa mita 2 na kimo cha mchanga cha mita 0.6 ni mita za ujazo 4.2, hata kama muuzaji ametaja tani nyingi zaidi.