Elgon: Kabla hujaposti 'nimefika kileleni', soma hii

Wewe wa Theta, najua mlima wako ni Kilimambogo. Asubuhi mawingu yakiondoka, Mlima Kenya nao unachungulia kule mbali. Lakini Elgon? Huo wengi wetu tuliuacha kwenye ramani ya darasa la sita.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Tangu hapo, kila nikienda nyumbani naulizwa ni kitu gani nimewahi kumaliza. Basi nikaweka akiba, nikapanda basi la usiku hadi Kitale, kisha matatu ya Endebess. Mbugani tuliingia kwa lango la Chorlim, watu wanne tumechangia gari, hadi barabara inapoishia. Kutoka hapo ni miguu.

Koitobos, mita 4,222. Nahema kama nimekimbizwa na mbwa wa mtaa. Natoa simu, kepsheni nilishaandika tangu Thika Road: "Kileleni Elgon!" Mzee aliyetuongoza, Msabaot, akacheka kidogo.

"Kijana, bado."

Akanyoosha fimbo ng'ambo ya lile shimo kubwa la volkano. Kilele chenyewe ni Wagagai, mita 4,321, na kiko Uganda. Hata upande wetu Koitobos si ya kwanza: kuna Sudek, mita 4,302, na mpaka unapita papo hapo juu yake. Yaani mguu mmoja Kenya, mwingine Uganda.

Nikamwambia twende basi. Akakataa kabisa. Ukungu ulikuwa unapanda, na huko hakuna ua wala mstari chini. Ukipotea, unajikuta nchi ya watu bila kibali. Anayetaka kuvuka hupanga mapema na wasimamizi wa mbuga za pande zote mbili, si kuamua akiwa juu.

Mzee mwenyewe ana shangazi upande ule. Wasabaot na Wasebei wanasikizana lugha vizuri tu. Mistari ni ya wakoloni. Na walikuwa wanaisogeza: kabla ya 1902, Uganda ilikuwa inafika hadi Naivasha. Ebu fikiria.

Tulishuka. Endebess nikafuta kepsheni, nikaandika "Koitobos, 4,222", nikamtumia mamangu picha.

Akajibu: "Umependeza. Na hicho kirefu nyuma yako ni nini?"