UZI: Taa ya mtaa ikizima, unabisha hodi kwa nani?

Wadau, uzi ni mrefu kidogo, vumilieni. Kila wikendi naona hapa mabishano yaleyale. Mmoja anaandika "MCA amekula pesa ya barabara", mwingine anajibu "uliza mbunge wako", wa tatu analeta gavana, wa nne anaingiza kabila, na mjadala unafia hapo. Sitaji mwanasiasa wala chama. Nataka tu tuelewane nani anashika pesa ya nini.

Mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Mulika mwizi ya upande wetu Gatina ilizima, na wiki ya pili mama mboga mmoja akaporwa mauzo ya siku nzima akifunga kibanda saa mbili usiku. Majirani wakaniambia, wewe ndiye unajua kuongea, fuatilia. Ofisi ya kwanza ikanituma ya pili, ya pili ikanituma ya tatu, ya tatu ikanirudisha ya kwanza. Nikakasirika, nikaingia mtandaoni nikamtukana mbunge. Likes zilikuja mbaya! Lakini taa haikuwaka, na kumbe taa za barabarani si kazi ya mbunge hata kidogo. Miezi minne giza, na mimi najiona mwanaharakati.

Sasa tuanze na Katiba ya 2010. Nenda Jedwali la Nne, mwisho mwisho kule ambako watu hawafikangi. Kazi za kaunti zimeandikwa: takataka, masoko, taa za barabarani, barabara za kaunti, mitaro ya maji ya mvua, maji na usafi, zahanati na hospitali za kaunti, zimamoto, shule za chekechea. Serikali ya kitaifa ina polisi, shule za msingi na sekondari, vyuo vikuu, barabara kuu, hospitali kuu za rufaa. Ukiishika hiyo orodha, nusu ya kelele za hapa zinaisha.

Lakini kwa mtaa mambo hayajapangwa kama kwa karatasi. Ingia shule yoyote ya msingi ya umma Kibera au Kawangware. Darasa la PP1 na la Grade 1 ziko uwanja mmoja, mlango kwa mlango. Chekechea ni ya kaunti, na mwalimu wake ni wa kaunti. Ya pili ni ya serikali ya kitaifa na mwalimu ameajiriwa na TSC. Paa la hilo darasa la pili huenda limejengwa na CDF. Halafu saa ya lunch mtoto anagusisha bangili yake kwa mashine anapewa chakula cha shilingi 5, na huo mpango ulianzishwa na kaunti mwaka wa 2023. Mzazi akikasirika shuleni, anakasirikia serikali gani?

Au hospitali. Mgonjwa wa Kibera ana Mbagathi na ana Kenyatta, na zote mbili ziko karibu karibu. Dawa zikikosa Mbagathi, hiyo ni kaunti. Zikikosa Kenyatta, ni Wizara ya Afya. Nimeona mtu akitukana gavana kwa sababu ya foleni ya Kenyatta, na watu mia mbili wakamuunga mkono.

Tuje kwa MCA, maana yeye ndiye anakula matusi mengi. Nairobi ina wadi 85. Eneobunge la Kibra lina 5: Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley/Kenyatta Golf Course. Kawangware, Gatina na Kabiro ziko Dagoretti North pamoja na Kilimani na Kileleshwa. Soma Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9. Inasema wazi kwamba MCA haruhusiwi kuhusika na kazi za utendaji wa kaunti, wala kutoa huduma kana kwamba yeye ni mfanyakazi wa kaunti. Yaani MCA si mkandarasi. Yule anayesimama mbele ya greda akipigwa picha ameazima sifa tu. Greda si yake, mafuta si yake.

Kwa hivyo hana kazi? Ako nayo, tena kubwa. Anapitisha bajeti, anapitisha sheria za kaunti, ushuru wa soko ukiwemo, na anaweza kumwita waziri wa kaunti mbele ya kamati akamuuliza pesa ya mtaro wa Lindi ilienda wapi. Mimi sasa namuuliza MCA maswali mawili: uliuliza nini bungeni mwaka huu, na bajeti ilipopita wadi yetu iliandikiwa nini? Haya maswali yanamkosesha raha kuliko "umekula pesa", kwa sababu kwa "umekula pesa" atakujibu "sikushika hata shilingi" na atakuwa anasema kweli.

Mbunge ana mlango wake, CDF. Hiyo pesa inatoka serikali ya kitaifa, inagawanywa kwa maeneobunge yote 290, na inafanya mambo ya kitaifa: basari, madarasa, vituo vya polisi. Lakini kumbuka mgao unakuja kwa eneobunge zima. Mwenye ghorofa Kileleshwa na mwenye mabati Gatina wako kwa jina moja. Mtu akisoma Dagoretti North kwa ujumla anaona sehemu iliyo sawa tu. Na korti nayo haijanyamaza. Mwaka wa 2022 Mahakama ya Juu ilisema sheria ya CDF ya 2013 ilikiuka Katiba, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema hivyo kuhusu ile iliyokuja baadaye, ya 2015. Hoja kubwa ilikuwa hiyohiyo tunayobishania hapa: mtunga sheria anafanya nini na pesa ya kutekeleza miradi? Wengi walipinga kwa kuogopa basari za watoto wao, na siwalaumu. Ukiwa na mtoto Form Three na hujamaliza karo, mgawanyo wa mamlaka ni kitu utafikiria baadaye.

Chifu naye si wa kaunti. Chifu, naibu wake na wazee wa mtaa wanaripoti upande wa serikali ya kitaifa. Kaunti ina mtu wake, msimamizi wa wadi. Nikiuliza watu kumi hapa stage ya 46, tisa wanajua chifu, hakuna anayejua msimamizi wa wadi. Kumbe huyo ndiye wa kwanza kuonwa taa ikizima ama takataka zikirundikana.

Barabara sasa, hapo ndo kuna vita. Kila lita ya petroli ambayo mtu wa boda ananunua Kawangware, shilingi 25 ni za kukarabati barabara. Ilikuwa 18, ikapandishwa Julai 2024. Hiyo pesa inaingia mfuko wa kitaifa, lakini vichochoro anavyopita siku nzima ni vya kaunti. Ndiyo maana magavana na wabunge walifikishana kortini kuhusu shilingi bilioni 10.5 za mfuko huo. Sisi huku tukasoma habari kama mechi ya Gor na AFC. Ilikuwa pesa ya shimo lililo mbele ya duka lako.

Na kutojua mlango wa kubisha kunaweza kukufikisha mbali zaidi ya giza. Wa Kibera wanakumbuka Julai 23, 2018. Alfajiri matingatinga yaliingia kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Maelfu ya watu walilala nje siku hiyo, na shule kadhaa zikaanguka na vitabu ndani. Lawama nyingi nilizosikia ziliangukia kaunti, watu wakisema "kanjo wametubomolea". Mradi ulikuwa wa KURA, shirika la serikali ya kitaifa. Kulikuwa na mazungumzo ya kuhesabu waathiriwa na kuwapangia pa kwenda kabla ya kubomoa, na ubomoaji ukafika kwanza. Sheria ya Ardhi ilivyorekebishwa 2016 inataka notisi ya angalau miezi 3 kabla ya kuondoa watu kwa ardhi ya umma. Mtu anayejua hilo anajua aandikie nani na lini. Mtu anayedhani ni kanjo anangoja MCA arudi kutoka safari.

Hapa ndipo Kibera na Kawangware zinaachana, na watu wa mtandaoni huwa wanaziweka kapu moja, "slums". Sehemu kubwa ya Kibera ni ardhi ya umma. Wanubi, ambao babu zao walikuwa askari wa Sudan kwa jeshi la Mwingereza, walidai ardhi yao kwa zaidi ya miaka mia, na Juni 2017 wakapewa hati ya jamii ya ekari 288. Wengine wengi wana nyumba bila ardhi. Kawangware ni tofauti, ploti nyingi zina wenyewe wenye karatasi. Kwa hivyo ukitaka mtaro Kibera, swali ni serikali imepanga nini na hiyo ardhi. Ukitaka mtaro Kawangware, swali ni mwenye ploti gani amesukuma ukuta wake mpaka kwa njia ya maji. Na huyo si mwanasiasa wa kutukana mtandaoni. Ni landilodi wako, na rent ni tarehe tano.

Kidogo pia kuhusu namba. Kila mdahalo lazima mtu aseme Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya 2009 ilihesabu 170,070 na ya 2019 ikapata 185,777 kwa kaunti ndogo ya Kibra. Bishana na sensa ukitaka, wengi wanabishana. Ila pesa za kaunti zinagawanywa kwa hesabu ambayo idadi ya watu ni sehemu yake, na hiyo hesabu haitumii milioni ya Twitter.

"Sawa, sasa tufanye?" Wacha niwaambie ninachofanya mimi tangu ile aibu ya taa.

Mwaka wa pesa wa kaunti unaanza Julai 1. Lakini kufikia hapo mchezo umeisha. Mpango wa maendeleo wa mwaka unapelekwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1 ya mwaka uliotangulia. Waraka wa mikakati ya fedha unafika Februari 28. Makadirio ya bajeti Aprili 30. Sheria inasema pesa ya umma haitengwi nje ya mpango. Kwa hivyo mtu anayepiga kelele Julai kuhusu taa amechelewa karibu mwaka mzima, na anayepiga kelele wakati wa kampeni amechelewa kabisa.

Vikao vya kusikiliza wananchi viko, Katiba inavitaka. Shida yake tunaijua. Tangazo linatoka kwa gazeti ambalo hatununui, kikao ni Jumatano saa nne asubuhi, wakati fundi yuko mjengo na mama fua yuko Lavington. Wanaofika ni walewale ishirini, wengine wamefuata soda na nauli. Halafu inaandikwa "umma ulishirikishwa". Mimi nasema hiyo ndiyo hoja ya kupeleka mdaharoni: kikao kiwe Jumapili mchana, Kamukunji ya Kibera au uwanja wa shule Kawangware, na tangazo lisomwe makanisani na msikitini. Mgombea akiahidi barabara, mwache. Muulize ataitisha kikao siku gani.

Pia, si lazima uende. Kifungu cha 88 cha ile Sheria ya Serikali za Kaunti kinakupa haki ya kuandikia kaunti ombi kuhusu jambo lolote lililo chini yake. Na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu ukiomba habari. Wakikaa kimya unaenda kwa Ombudsman. Barua haitaki wakili wala Kiingereza kigumu. Ukurasa mmoja, tarehe, jina, sahihi, nakala ya pili igongwe muhuri ubaki nayo. Huo muhuri ndo siri. Bila muhuri uliwaambia tu, na kuambiwa kunasahaulika.

Mtaniuliza mbona mlalahoi aandike barua kudai taa ambayo ushuru umeshalipia. Ni swali la haki na sina jibu zuri. Najua tu kwamba chama cha wakaazi cha mtaa wa kina fulani, kilomita mbili kutoka kwetu, wanaandika kila mwaka mwezi wa nane, kabla ya mpango kufungwa. Sisi tunaandika status.

Wale mtakaosema huu uzi unawatetea MCAs, rudini juu msome tena. Mwenye wadhifa anapenda sana usipojua mipaka yake. Kukiwa na sifa, mradi ni wake. Kukiwa na lawama, "hiyo ni serikali ile ingine."

Kuhusu ile taa: tumeandika barua mbili. Ya kwanza inaomba irekebishwe. Ya pili inauliza wadi yetu imeandikiwa taa ngapi kwa bajeti ya mwaka huu na kazi ilipewa nani. Majirani 64 waliweka sahihi, mama mboga akawa wa kwanza. Zote ziligongwa muhuri Jumatatu ya wiki iliyopita. Leo ni siku ya tisa. Siku ya 22 nitarudi hapa niwaambie.