Mbwa Wazee, Kasuku na Bustani

Mbwa akizeeka, watu wengi husema kwamba kazi yake imekwisha, na akiharibu kitu kidogo tu wao hutafuta rungu. Katika makala hii nataka kuwaeleza wasomaji kwamba makosa ya mbwa mzee aghalabu yana sababu, na mtu akiijua sababu hiyo ataokoa bustani yake na mbwa wake pia. Mfano wangu ni wa nyumbani kwetu Mwazye, katika nchi ya Ufipa, ambako babu yangu anafuga mbwa wawili na kasuku mmoja.

Kwanza nieleze habari za uzee wa mbwa. Mbwa huanza kuzeeka afikapo umri wa miaka 7 hivi, na wenye maumbo makubwa huwahi kuliko wadogo. Nywele za mdomoni huwa nyeupe, meno hulegea, viungo huuma hasa wakati wa baridi, na macho huingia ukungu. Pua ndiyo huchoka mwisho. Mbwa wa babu wamepita miaka 12. Simba amekuwa kiziwi, lakini anaona. Chui haoni vizuri, lakini anasikia hata panya akipita darini. Kwa hiyo hutembea pamoja daima. Usiku Chui husikia mgeni na kubweka; Simba humwona mwenzake ameinuka, naye huenda mbele kutazama. Wawili hao wakiwa pamoja ni sawa na mbwa mmoja mzima.

Pili, lazima msomaji ajue bustani zetu zilivyo. Ufipa ni nchi ya juu. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai baridi ni kali. Wafipa tangu zamani hulima kwa matuta ya mviringo yaitwayo intumba. Mkulima hukata majani, huyakusanya na kuyafunika kwa udongo. Majani huoza ndani na kuwa mbolea, na juu yake aghalabu hupandwa maharage. Mvua za mwaka unaofuata zikija, matuta huvunjwa na udongo wake hutandazwa ili kupanda ulezi au mahindi. Karibu na nyumba babu ana kitalu cha kabichi pia, chenye samadi chini na majani makavu juu.

Likizo ya Juni iliyopita tulikuta miche ya kabichi imelaliwa, matuta mawili yamefukuliwa, na maharage yamekanyagwa. Jirani mmoja akamwambia babu, "Mzee, mbwa hawa wanakula bure. Waueni, mlete watoto wa mbwa." Babu akajibu, "Ndugu yangu, hata mshitakiwa husikilizwa kwanza." Kisha akaniagiza niwaangalie kwa muda wa juma moja. Niliyoyaona ni haya.

Kitalu kililaliwa kwa sababu ya joto. Samadi na majani yanapooza, vijidudu visivyoonekana kwa macho huyala, na kazi hiyo hutoa joto. Mbwa mwenye viungo vinavyouma hutafuta mahali penye vuguvugu, kama vile bibi anavyotafuta jiko. Matuta nayo yalifukuliwa kwa sababu panya walikuwa wamejenga ndani ya majani yaliyofukiwa. Simba aliwanusa. Kwa hakika alikuwa akifanya kazi yake, ila aliifanya mahali pasipofaa.

Kesi ya maharage ilikuwa ngumu zaidi, na mwenye kosa alikuwa kasuku. Ndege huyu ana rangi ya kijivu na kahawia, tumbo la kijani na manjano mabegani. Babu anaye kwa kibali, maana sheria ya wanyamapori hairuhusu mtu kukamata na kufuga ndege wa porini apendavyo. Tundu lake lilikuwa limetundikwa barazani, upande wa bustani. Kwa miaka mingi amemsikia babu akiwapigia mbwa mluzi wa chakula, naye ameushika. Kila alipoupiga, Chui alitoka mbio kuelekea sautini, moja kwa moja katikati ya maharage asiyoyaona, na Simba akamfuata nyuma. Walipofika hapakuwa na chakula, na kasuku akapiga mluzi tena.

Dawa zake zilikuwa rahisi. Tuliwashonea mbwa gunia, tukalijaza majani makavu na kuliweka karibu na ukuta wa jiko. Kitalu tulikizungushia uzio wa miti. Tundu la kasuku lilihamishiwa upande wa pili wa nyumba, wala si jikoni, kwa kuwa moshi hudhuru sana mapafu ya ndege. Tangu siku hiyo miche mipya haikulaliwa, na yule jirani alikuja kuomba mbegu.

Nawapa wenye mbwa wazee mashauri machache. Wapeni ugali laini wenye mchuzi, wala msiwape mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa maana huvunjika vipande vyenye ncha kali. Vitunguu pia ni sumu kwao. Na kasuku msimpe parachichi, huweza kumwua. Mbwa asiyeona msimguse ghafula. Mwiteni kwanza, la sivyo ataweza kuuma kwa hofu. Tena uzee haumwondolei mbwa haja ya chanjo ya kichaa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara huua. Aliyeumwa na aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ndiyo tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, bingwa ambaye chanjo yake ilianza kutumika kwa mtu mwaka 1885.

Kasuku wa aina hii akitunzwa vema huishi zaidi ya miaka 20, na bila shaka atawazidi Simba na Chui kwa umri. Babu husema kwamba siku watakapokufa, mluzi utaendelea kupigwa na hapatakuwa na wa kuitika. Basi, wenzangu, mbwa aliyewalindia nyumba miaka 10 msimlipe fadhila za punda. Tazameni kwanza anatafuta nini.