Matumizi ya Matawi katika Hifadhi ya Pamoja ya Msimbo Huria: Mfano wa Kiini cha Linux

Makala hii inafafanua matumizi ya matawi katika hifadhi ya msimbo inayotumiwa na watu wengi, kwa kurejelea kiini cha Linux. Hoja kuu ni kwamba tawi huahirisha mgongano baina ya kazi za watayarishaji programu, lakini haliuondoi.

Tawi ni mkondo wa mabadiliko unaoanzia katika hatua fulani ya historia ya msimbo na kuendelea bila kuathiri mkondo mkuu. Katika Git, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kiini hicho, tawi ni kielekezi tu cha badiliko la mwisho lililohifadhiwa. Kwa hiyo, kulianzisha hakuhitaji kunakili historia ya mradi, na mtayarishaji anaweza kujaribu wazo lisilokamilika pasipo kuvuruga kazi ya wenzake.

Ugumu hujitokeza wakati wa kuunganisha. Git hubaini mgongano pale matawi mawili yanapobadili mistari ileile kwa namna tofauti. Hata hivyo, ipo migongano ya kimaana ambayo mfumo hauioni. Kwa mfano, tawi la kwanza likibadili jina la kitendakazi, yaani kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina lake, na tawi la pili likiongeza mahali papya panapotumia jina la zamani, matawi hayo huweza kuunganishwa bila onyo lolote, ilhali programu inayopatikana ni mbovu.

Jamii ya Linux hukabili tatizo hili kwa ratiba. Baada ya kila toleo, mkondo mkuu hupokea mabadiliko mapya kwa takribani wiki 2. Kisha, kwa wiki 6 au zaidi, hupokea hasa marekebisho ya kasoro. Aidha, tangu mwaka 2008, matawi ya wasimamizi wa sehemu mbalimbali huunganishwa kwa majaribio katika hifadhi iitwayo linux-next, ili migongano ibainike kabla ya kipindi cha mapokezi.

Utaratibu huu unadhihirisha kwamba tawi lisilounganishwa kwa muda mrefu hulimbikiza migongano kadiri mkondo mkuu unavyosonga mbele. Mara nyingi mzigo wa kuitatua humwangukia msimamizi, ambaye hakuandika msimbo wa upande wowote. Hivyo, kuunganisha mapema na mara kwa mara ni sehemu ya matumizi sahihi ya tawi lenyewe.