Fahamu: Swapu ya nini unaposakinisha Linux?

Tangu Microsoft isitishe huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye kompyuta za zamani wanaitazama Linux. Katikati ya usakinishaji huja swali: swapu utenge kiasi gani?

Fikiria Tabora ya karne ya 19. Misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipumzika pale, na shehena isiyohitajika upesi ikabaki ghalani. Swapu ndiyo ghala hilo. RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, ikielekea kujaa, Linux huhamishia kwenye diski data isiyoguswa kwa muda, kisha huirudisha ikihitajika. Kuirudisha ni safari. Mwaka 1871 mtemi Mirambo alipoifunga njia hiyo ya misafara, mizigo ya mpelelezi Livingstone ilikwama Unyanyembe, huko huko Tabora, mwenyewe yuko Ujiji. Kompyuta inayoitegemea mno swapu hukwama vivyo hivyo. Kwa hiyo swapu haigeuzi GB 2 za RAM kuwa 8, fundi aseme atakavyo.

Kwa RAM ya GB 4, swapu ya GB 4 yatosha. Ukitaka kuhifadhi kazi zilizofunguliwa huku kompyuta imezimika kabisa, isipungue RAM. Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux, tangu toleo la 17.04 huweka faili la swapu, nalo hupanuliwa baadaye bila kugawa diski upya.